Kapu la Maana za Mgeni

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alitawala Sultani Mwinyimvua, mtu mkarimu ajabu, ila hasira zake zilikuwa karibu kuliko viatu vyake. Akafikiwa na mgeni Mwingereza, domo kaya asiyechoka kusema, na mkalimani wao akawa Sururu.

Basi asubuhi moja mgeni alishikilia neno moja tu la Kiingereza, *rani*. Sururu akafasiri: farasi wake anakimbia, saa yake inakwenda, ndugu yake anaendesha duka, pua inamchuruzika. Sultani akafoka, "Neno moja, tafsiri nne! Ewe mwongo, wanichezea shere?" Ikawa Sururu katiwa gerezani.

Dada yake akalia hata akakauka machozi. Mumewe, Chande, fukara asiye na mbele wala nyuma, akenda kumwombea shemeji yake. Sultani akamwambia, "Niletee maana zote za neno lile siku ya Ijumaa. Ikipungua moja, utamfuata shemejiyo."

Chande akaketi barazani na kapu, na kila mara mgeni aliposema *rani*, akatia punje ya hindi. Maana yenyewe hakuijua hata moja, maskini!

Ijumaa Sultani akauliza, "Zimetimia?"

"Zingetimia, bwana wangu, lakini mchele haupimwi kinu kingali kikitwanga. Mwamuru mgeni anyamaze, nami nihesabu."

Baraza zima likaguna. Thubutu! Nani amnyamazishe mgeni, na kahawa yake ingali kikombeni? Aibu hiyo wanawake wangeiimba ngomani hadi kwa vitukuu. Na hapo hapo mgeni akasimama, jasho likimtoka, kajishika kiuno, akipaza sauti, "*Rani! Rani!*" Waziri akadhani ni sifa, akapiga makofi.

"Anasemaje huyu?" akauliza Sultani.

"Maneno yamo kapuni, bwana wangu," akajibu Chande, "ila mwenye kuyajua umemfungia."

Sururu akaletwa mbio. Akasikiliza, akainama kwa adabu. "Bwana wangu, tumbo linamwendesha. Anauliza choo kiko wapi, tena ameuliza mara saba."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, kisha haya zikamshika. Sururu akafunguliwa palepale, na Chande akavishwa joho.

Kesho yake Sururu aliporudi barazani, Sultani hakungoja kuamkiwa. Aliinuka kitini, akatangulia yeye: "Hujambo, mkalimani wangu?"