Kisutu cha Bi Chausiku

Sogeeni, mnisikilize vizuri, maana mwishoni nitawauliza.

Bi Chausiku alikuwa na watoto watatu. Sikujua, binti mkubwa, alikumbuka kila uchochoro wa mtaa walimozaliwa, ingawa mtaa wenyewe ulivunjwa zamani kupisha barabara ya juu. Pazi, wa kati, alikuwa dereva wa bodaboda, na jiji hili jipya halikuwahi kumpoteza. Mwasiti, kitindamimba, ndiye aliyejua kuzungumza na mama tangu kumbukumbu zianze kumtoka.

Walikuwa wamehamia mbali, pembezoni mwa mji. Kila siku mama aliuliza, "Tunarudi lini nyumbani?" Asubuhi moja wakakuta kitanda kitupu.

"Amekwenda mtaani kwetu," alisema Sikujua.

"Mtaa upi, dada? Pale pana nguzo za zege tu," alisema Pazi.

"Msikiti upo bado. Mlango wetu ulitazamana nao. Twendeni hapo."

Bila Sikujua, wangemtafuta wapi mama yao?

Foleni ilikuwa imefunga njia zote. Pazi akawapakia ndugu zake mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, akapita nyuma ya magereji, akakatiza sokoni, huku akitukanwa na kila mtu. Kwa gari wangefika jioni.

Walimkuta mama chini ya ile barabara ya juu, peku, miguu ikivuja damu, akifagia vumbi kwa kiganja. Jua na mwendo vilikuwa vimemmaliza.

Pazi akapiga magoti. "Mama, nyumba ilivunjwa. Twende hospitali."

"Toka!" alilia mama. "Sikujui! Namsubiri mume wangu!"

Mwasiti akavua viatu, akasimama mbele ya nguzo. "Hodi, mama."

Uso wa mama ukachanua. "Karibu, mwanangu. Mbona mmechelewa? Ingieni wote."

Wakaingia pale pasipo na mlango, wakakaa. Mama akamwegemea Mwasiti. "Sasa niko kwangu," alisema. "Kile kisutu changu, ile kanga niliyoolewa nayo, apewe aliyenirudisha nyumbani."

"Yupi, mama?"

Kichwa chake kikalala begani mwa Mwasiti. Magari yalikuwa yakinguruma juu yao, na mama hakuamka tena.

Baada ya arobaini walikifungua kisutu. Sikujua akamsogezea Pazi. Pazi akasema, "Mimi nilimliza," akamsogezea Mwasiti. Mwasiti akasema, "Mimi nilimdanganya," akakirudisha kwa dada yake. Wote watatu wakaangua kilio.

Mpaka leo kisutu hakina mwenyewe. Ninyi mlionisikiliza, mngemvika nani?