Chai ya Kindi Iliyomkataa Nyati

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa na chungu.
*Kimefunikwa.*
Nikifunue?
*Funua, tuonje!*

Basi kaeni vizuri. Na wewe Mwanakheri, toa kidole kwenye kikombe changu, chai hiyo haijaiva na wewe hujakaribishwa.

Hapo zamani Kindi alikuwa na bustani nyuma ya nyumba yake, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Bustani ilikuwa ndogo, lakini choya, ile nyekundu yenye uchachu, ilikuwamo, asumini ilikuwamo, waridi lilikuwamo, mchaichai ulikuwamo. Kila siku alasiri Kindi alichuma kidogo kidogo, akainjika chungu motoni, tokotoko, tokotoko, huku akiimba:

"Choya tia rangi,
asumini tia harufu,
waridi tuliza moyo,
mchaichai wapatanishe."

Majirani walikuja, kila mmoja na chombo chake. Mzee Kobe alikuja na kifuu. Bi Kanga alikuja na kikombe cha udongo. Na pale kwa Kindi palikuwa na desturi: chai ikishamiminwa, kila mtu anawaonyesha wenzake chombo chake, waione rangi. Kisha anaonja funda moja tu, anasema kilichopungua.

"Harufu imelala," anasema Bi Kanga. Kindi anaongeza asumini mbili.

"Uchachu umezidi," anasema Mzee Kobe. Kindi anaongeza waridi.

Wakisharidhika wote, ndipo wanakunywa. Kuonja si kunywa, wanangu. Wengine hapa hawajui tofauti hiyo, sitaji mtu.

Mwaka huo kiangazi kilikaza. Kindi alishinda njiani akiteka maji mtoni kwa ganda la nazi, na bado majani yakaanza kusinyaa. Akawa anahesabu maua kila asubuhi, na kila asubuhi yalikuwa machache kuliko jana. Ilimuuma sana.

Alasiri moja wakasikia ndi! ndi! ndi! Nyati huyo. Alikuwa anatoka ziwani, kwenye magadi anayoyalamba kila siku, na mdomo ulikuwa mweupe pe. Hakubisha hodi. Hakusalimu. Alitumbukiza mdomo chunguni, fyoo, fyoo, fyoo, chai ikaisha.

"Bwana Nyati," Kindi akasema, "hapa huwa tunaonja kwanza."

"Nimeshaonja," Nyati akasema. "Kilichopungua ni nyingine. Kesho nakuja na bakuli langu. Nikishakunywa, naingia bustanini. Maua ni yangu, majani ni yangu, mizizi ni yangu. Leo tumbo limejaa."

Akaondoka, ndi! ndi! ndi!

Bi Kanga akaanza kulia. "Hama, mwenzangu. Nani atamzuia yule?"

Kindi aliinama. Alikuwa anatazama sakafu. Matone yaliyomwagika kutoka chunguni yalikuwa mekundu. Lakini matone yaliyodondoka kutoka kwenye kidevu cha Nyati yalikuwa ya kijani, kijani kibichi cha maji ya kidimbwi. Kindi akaenda jikoni, akachukua mkebe wa magadi anayolainishia maharage, akatia chembe kwenye chai iliyobaki kikombeni mwake. Fyeee! Povu likapanda, wekundu ukatoweka, ikawa kijani ile ile.

Kindi akacheka peke yake hadi mkia ukatetemeka.

Kesho yake, ndi! ndi! ndi! Nyati huyo na bakuli lake. Bakuli gani? Bakuli lile lile analowekea magadi ya kulamba, halijaoshwa tangu kufinyangwa, ukoko mweupe umeganda humo unene wa kidole.

"Karibu, Bwana Nyati," Kindi akasema. "Ila nikuambie mapema. Maua haya yana macho. Yakimkubali mtu, chai yake inabaki nyekundu. Yakimkataa, inageuka, na akiyala, yatamgeuka tumboni."

"Mimina," Nyati akasema.

Chururu, kwenye kifuu cha Mzee Kobe. Nyekundu. Chururu, kwenye kikombe cha Bi Kanga. Nyekundu. Chururu, kwenye bakuli la Nyati.

Fyeee! Povu likapanda. Chai ikawa kijani.

"Onyesheni vyombo," Kindi akasema, kama ilivyo desturi.

Kobe akaonyesha. Kanga akaonyesha. Nyati akaficha bakuli chini ya kidevu, lakini bakuli lenyewe kubwa, litafichika wapi?

"Mimina tena," akasema. Chururu. Fyeee! Kijani.

"Mimina tena." Chururu. Fyeee! Kijani.

Akaonja. Haikuwa na uchachu, haikuwa na harufu, ilikuwa na ladha ya maji ya kufulia. Masikio yakamwanguka.

"Mbona jana haikugeuka?"

"Jana ulikunywa kabla hujasema bustani ni yako," Kindi akasema. "Ulisema hayo ukiwa unaondoka. Maua yamesikia."

Nyati akaitazama bustani, akalitazama tumbo lake. Wanangu, mnyama yule alikuwa hajamwogopa simba, lakini siku hiyo aliogopa ua.

"Bi Kindi," akasema, sasa kwa adabu, "maua yanaombwaje radhi?"

"Kwa maji. Siku saba, uyateke mtoni kwa bakuli hilo hilo, na usitie kitu kingine humo. Maji ya siku ya kwanza na ya pili yamwage njiani, hayo ni ya kusafisha kauli. Kuanzia siku ya tatu, mwagia bustani."

Mzee Kobe alikohoa ili asicheke, akajificha ndani ya gamba.

Basi Nyati akateka. Ndi! ndi! ndi! kwenda, ndi! ndi! ndi! kurudi. Bakuli lake moja lilishinda safari mia za Kindi na ganda lake. Siku ya kwanza ukoko ukalainika. Siku ya pili ukabanduka. Siku ya tatu mchaichai ukasimama. Siku ya tano asumini ikatoa vitumba. Siku ya saba asubuhi Kindi alianza kuhesabu maua, akafika mahali akasahau hesabu, akaketi chini akalia kwa furaha.

Alasiri wakakusanyika. Chururu, kwenye bakuli la Nyati. Wote wakachungulia.

Nyekundu.

"Onyesheni vyombo," Kindi akasema, na Nyati ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonyesha. Akazunguka nalo, akamwonyesha Kobe mara mbili. Kisha akaonja funda moja, dogo, akafumba macho.

"Nini kimepungua?" Kindi akauliza.

Nyati akafikiri sana. "Waridi," akasema. "Kidogo tu."

Kindi akaonja. Ilikuwa kweli. Akaongeza waridi, na tangu siku hiyo Nyati hakukosa kuteka maji, kiangazi na masika, hata alipokuwa haombi radhi ya mtu.

Sasa funzo. Mnajua mimi sisimulii bila funzo. Funzo ni hili: msioshe vyombo. Nyati angekuwa mwenye kuosha bakuli lake, chai ingebaki nyekundu siku ile ya kwanza, na bustani ingeliwa hadi mizizi. Uchafu ndio ulioiokoa. Kawaambieni mama zenu nimesema mimi.

Chungu nakifunika. Utamu ni wenu, uongo ni wangu, makapi ni ya kuku.

Haya, leteni vikombe niwamiminie. Wewe Mwanakheri, onyesha chako kwanza. Enhe. Nilijua. Mtungi wa maji ule pale, nenda ukakioshe.