Nani Apewe Maji ya Alhamisi?

Haya, mmekuja tena. Nimetoka shambani, mgongo unaniuma, maharage hayajachambuliwa, nanyi mmejipanga hapo kama vifaranga: bibi, hadithi. Hadithi hainichemshii maharage. Na hii mnayoitaka ndiyo mbaya kuliko zote, maana kila ninayemsimulia hugeuka hakimu, akaniachia kelele. Lakini najua hamtaondoka. Basi kila mtu ashike ungo wake, achambue huku anasikiliza. Atakayeacha jiwe, atalitafuna mwenyewe.

Mlimani kwetu Upareni walikuwepo watu watatu, kila mmoja na alichopewa na Mungu.

Nakijwa, mwanamke fundi pancha wa pale njia panda, alipewa kiganja. Akipapasa kitu anakwambia umri wake. Siku moja mnadani alimpapasa mbuzi akasema, "Huyu si wa miaka miwili, huyu ana wajukuu," na muuzaji akaondoka bila kuaga.

Kirangi wa mashine ya kusaga alipewa sikio. Mashine ikitaka kuharibika, yeye alikuwa anaisikia siku tatu kabla. Mkewe alikuwa hawezi hata kununa kimyakimya. Kirangi alisikia sufuria zinavyowekwa mekoni, akajua.

Yonazi mwashi alipewa jicho. Ukuta ukiinama kidogo ng'ambo ya bonde, yeye huku halali. Kanisani alikuwa haimbi. Alikuwa anatazama dirisha la tatu, lililopinda unene wa kidole, na kwa miaka kumi hakuna aliyemsikiliza.

Kilichowakutanisha hao watatu si wazazi wala kanisa. Ni gari.

Gari lilikuwa la Namkunda, mjane aliyekuwa akishona nguo sokoni. Kaka yake alipofariki Dar es Salaam alimwachia gari la ujana wake: milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia, lilizaliwa kwa mbio. Lilikuwa limeshazeeka, lakini mlimani kwetu hapakuwa na jingine. Basi kila mwenye tumbo, kila mwenye uchungu, kila aliyeng'atwa na nyoka, alibisha kwa Namkunda apelekwe hospitali Same. Mwanamke alikuwa amechoka. Mara mbili alisema ataliuza, na mara mbili akaletewa mgonjwa kabla mnunuzi hajafika.

Mwaka huo akaenda Korogwe kumlea binti yake aliyejifungua. Gari akamwachia shemeji yake, Mbonea, mkulima wa tangawizi. Aliporudi baada ya miezi mitatu akalikuta limenyanyua makalio kama bata.

"Shemeji, gari limekuwaje?"

"Springi zimepumzika, shemeji. Hukuwepo, nani angezichosha?"

Namkunda hakuwa fundi, na safari ilikuwa ndefu. Akakubali.

Wiki ya pili akampakia Mzee Senzighe, mwenye pumu. Barabara ile ina kona ishirini na tatu. Kona ya tano gari likayumba kama mlevi, likateleza, likaingia mtaroni. Mzee akavunjika mguu. Vijana wakambeba kwa machela mpaka Same. Alikuwa anapeleka kifua, akarudi na plasta.

Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano. "Mama Namkunda, hatutaki kukuonea. Lakini hili gari likimwangusha mwingine, litakuwa jeneza la milango miwili. Mpaka mwisho wa mwezi lishike barabara. Lisiposhika, liuzwe, turudi kwenye machela yetu."

Kila mtu alikuwa na mgonjwa nyumbani, au alijua atakuwa naye.

Namkunda akasimama. "Nina bei ya mbuzi wawili, sina zaidi. Ya vipuri, si ya kumlipa fundi. Lakini nina Alhamisi yangu. Atakayelifanya gari hili lishike barabara, maji ya Alhamisi ni yake, kiangazi kizima."

Mkutano ukahema. Ninyi mliozaliwa na bomba hamjui. Sisi tulikuwa na ndiva, bwawa letu la udongo. Maji ya kijito yanalala humo, asubuhi yanafunguliwa kwenye mfereji, kila nyumba na siku yake moja kwa wiki. Kiangazi kile mwenye siku moja alikuwa anaokoa nusu ya shamba. Mwenye siku mbili angevuna. Na maji yale hayagawanyiki: ukiyafungua theluthi, mfereji wenyewe unayanywa njiani, shamba linabaki linatazama.

Sabato ikapita, watu wakiwa kanisani. Jumapili asubuhi Namkunda akaona gari limeshusha makalio. Akadhani springi zimechoka tena. Uchovu alikuwa anaujua.

Nakijwa akaja wa kwanza. Akachuchumaa, akafumba macho, akapitisha kiganja tairi moja baada ya jingine. "Mwenzangu, haya yana meno mazuri lakini ni mazee kuliko binti yako. Mpira umekuwa kwato. Tena ya nyuma si ndugu wa ya mbele." Akashuka Same, akapapasa lundo la matairi ya mtumba kutwa nzima, mpaka muuzaji akamuuliza, "Mama, unatafuta tairi au mume?" "Mume ningeshampata," akasema, "tairi ndiyo ngumu." Akarudi na manne, laini, ya saizi moja. Akayajaza upepo wa kiasi, si ule wa kubebea magunia. Mbuzi wa kwanza akaishia hapo. Namkunda akajaribu mpaka kona ya tano. Gari halikuteleza tena. Lakini lilipepesuka, likainama huku likainuka kule, kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizojaa.

Kirangi akaja wa pili. Akalala chini ya gari. "Litikiseni juu chini, na mnyamaze." Wakatikisa. Gari likalia kwii, likagonga ko. "Kwii ni bushi, zile raba za kwenye viungo. Zimekufa. Ko ni shokapu ya kulia, imekufa. Ya kushoto inajifanya nzima." Akashuka Same, akanunua bushi mpya, na shokapu akazing'oa kwenye gari bovu la aina ile ile, baada ya kuzibonyeza moja moja na kuzitegea sikio, kwa maana ndizo zinazolituliza gari lisirukeruke. Mbuzi wa pili akaishia hapo. Akavifunga siku mbili, akatoka ana grisi mpaka kwenye meno. Namkunda akajaribu mpaka kona ya kumi na moja. Gari halikupepesuka tena. Lakini lilivuta kushoto, upande wa korongo, na mikono ikamuuma kulirudisha.

Yonazi akaja wa tatu, pesa zimekwisha. Akasimama hatua ishirini nyuma ya gari, akafumba jicho moja. "Gurudumu la mbele kushoto linamtazama mwenzake. Mtaro ule ulilipinda." Akatoa uzi wake wa kujengea, akaukaza juu ya mawe, ubavu huu na ubavu ule, akapima nafasi ya kila gurudumu kwa kibiriti. Akazungusha nati kwenye chuma kinachovuta gurudumu, robo, akapima, robo, akapima. Namkunda akamletea makande, yakapoa. Akamletea mengine, nayo yakapoa. Siku ya pili jioni akakunja uzi. Namkunda akajaribu mpaka kona ya kumi na tisa, akageuza, akarudi, akaenda kulala, mikono haimuumi.

Siku ya mtihani mwenyekiti akauliza nani atapanda.

"Nipakieni mimi," akasema Mzee Senzighe. "Plasta inaniwasha, na daktari yuko huko chini."

"Mzee, huogopi?"

"Machela yenu yalinibeba kwa saa sita. Kufa kwa gari ni haraka."

Wakashuka. Namkunda hakulibembeleza gari. Aliliendesha kama marehemu kaka yake. Kona zote ishirini na tatu, kushuka na kupanda. Alasiri watu wakalizunguka gari. "Mzee, lilishika?"

"Nitajuaje? Nililala tangu kona ya nane."

Hivyo kesi ya gari ikafungwa, na kesi ya maji ikafunguka papo hapo, mbele ya wazee wa kijiji. Watu hutusema sisi Wapare, eti mtu wetu atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitaki kesi ya kuku. Ni uongo. Tunaanza na mbuzi.

"Mama alisema lishike barabara," Nakijwa akaanza. "Haya, niambieni, kitu gani cha gari kinagusa barabara? Injini? Usukani? Ni tairi peke yake. Kiganja changu ndicho kilicholipatia gari kiganja."

"Kugusa si kushika," Kirangi akasema. "Hata kuku anagusa barabara. Tairi yako ilikuwa inarukaruka. Nani aliyeikandamiza chini ikatulia? Shokapu."

Yonazi hakuinua sauti. "Mlikuwa na gari linaloishika barabara vizuri sana, linaelekea korongoni. Kushika barabara ni kwenda inakokwenda."

Mwenyekiti akamgeukia Namkunda. "Mama, ahadi ni yako. Ulimaanisha nani?"

"Nilimaanisha nilale," akasema Namkunda. "Sikujua gari moja linataka watu watatu."

"Wanne!"

Ni Mbonea. Angenyamaza, asingejulikana mpaka leo. Lakini maji ya siku mbili, na tangawizi shambani, na mdomo alioumbiwa. Akaingia na gunia, akalimwaga katikati ya wazee. Vikaanguka vipande sita vya tairi la lori, vinene kama mkate.

"Hivi vilikuwa ndani ya springi za gari hili. Nimevitoa mimi, kwa mikono yangu, Sabato ile mlipokuwa kanisani, kabla hawa hawajaligusa. Waulizeni kama wangeweza kitu vikiwa ndani!"

Mwenyekiti akakitazama kipande kimoja, akakigeuza. "Fundi Kirangi?"

Kirangi akajikuna. Alikuwa mtu wa kweli, hiyo ndiyo shida yake. "Springi iliyobanwa hivi haifanyi kazi. Ningefunga shokapu za dhahabu, lingepinduka tu."

Nakijwa na Yonazi wakaitikia kwa kichwa.

"Mmeona!" akasema Mbonea.

"Tumeona," akasema mwenyekiti. "Na nani aliyeviweka?"

Hapo ndipo Mbonea alipouona ushahidi wake vizuri. "Ilikuwa... gari lilikuwa chini mno, mzee wangu. Magunia ya tangawizi yalikuwa yanalilaza. Nikalinyanyua kidogo."

"Springi zimepumzika," Namkunda akasema polepole. Mzee Senzighe, aliyekaa kwenye kigoda na mguu wake uliokonda ukitokea kwenye plasta, akamtazama Mbonea, akaomba maji ya kunywa.

Wazee wakagawanyika. Mmoja akasema, "Mwizi akirudisha kuku, hapewi yai." Mwingine akasema, "Lakini kuku asingerudi, yai mngelipata wapi? Kosa ni lake, na kazi ni yake. Kila kimoja kihukumiwe peke yake." Wa tatu akasema kiganja ndicho kilichoanza. Wa nne akasema jicho ndilo lililomaliza, tena bila senti. Wa tano alikuwa na deni la unga kwa Kirangi, hakusema kitu.

Walikaa mpaka ng'ombe wakarudi, na Alhamisi ilikuwa kesho yake. Maji yaliyolala ndivani hayamsubiri hakimu.

Haya, wekeni nyungo chini. Kiganja kilichochagua tairi, sikio lililotuliza miguu, jicho lililonyoosha njia, na mkono ulioondoa balaa uliyoiweka wenyewe: ungekuwa umekaa kwenye benchi la wale wazee, maji ya Alhamisi ungemfungulia nani? Na usiniambie "wagawane." Nimekwambia mfereji unakunywa.

Gombaneni taratibu, nina kichwa kinaniuma. Mimi najua moja tu, maana hilo wazee hawakulibishania hata kwa dakika: mguu wa Mzee Senzighe. Mbonea alimlipa mzee maji yake mwenyewe, ya Jumanne, mpaka mvua za masika. Na kwa kuwa mzee hawezi kushika jembe, kila Jumanne Mbonea alikuwa anayafungua yeye, anayaongoza yeye, yakipita pembeni mwa shamba lake la tangawizi, likikauka, mpaka kwa mwenziwe.