Ua Uliojengwa kwa Kuni

Mtu mmoja alikuwa na shamba la miwa, na katika shamba hilo hapakuwa na mti hata wa kuchokolea meno. Jina lake Mahimbo. Kila shubiri ya ardhi yake aliipanda miwa, kwa kuwa alikuwa mpikaji wa sukari guru, na kwa maneno yake mwenyewe, ambayo aliyasema bila kuulizwa, mlima mzima haukuwa na wa kumfikia. Haki ya kujisifu alikuwa nayo kidogo. Sukari yake ilikuwa nyekundu kama udongo uliolowa, na mtu akiitia kwenye chai, jirani alijua kwa pua kwamba chai imeiva na akakumbuka jambo la kuja kuuliza.

Lakini sukari haipikwi kwa maneno. Maji ya miwa yakishakamuliwa yanataka kuchemka siku hiyohiyo, kwenye karai pana, juu ya moto usiolala mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa. Ukichelewa yanachachuka, na yakichachuka hayafai. Kuni za moto huo Mahimbo alizipata kwa majirani. Juu mlimani alikaa Kupaza, mwenye msitu wa miwati. Chini ya Kupaza alikaa ndugu yake wa tumbo moja, Singano, na njia ya kushukia kwa Mahimbo ilipita katikati ya uwanja wa Singano, kwa sababu kwingine kote ni korongo. Kupaza alitoa kuni, Singano alitoa njia, na Mahimbo aliwapelekea wote wawili sukari. Ndivyo walivyoishi baba zao. Mahimbo hakuwahi kuliwaza jambo hilo, kama mtu asivyoliwaza tumbo lisilomuuma.

Basi ukaja upepo ukaangusha mwati mmoja uliosimama mpakani mwa wale ndugu. Kupaza akasema mti ni wake, mizizi iko kwake. Singano akasema mti ni wake, umelala kwake, na migomba iliyopondwa ni yake, au Kupaza anataka kuja kulilia na migomba? Kupaza akamjibu kwamba migomba ile hata ndizi haikuwa nayo, ilikuwa imesimama kwa aibu tu. Maneno yakawa matusi, matusi yakawa mawe, na mawe ya mkono yalipoonekana hayafiki wakasokota makombeo. Watu wazima, wenye wajukuu.

Na Mahimbo, ukweli usemwe, alifurahi. Alichukua kigoda chake na hindi la kuchoma akaenda kuketi mpakani pa shamba lake, mahali pa kuona vizuri. Akawasimulia wapita njia kwamba Kupaza anatupa kwa nguvu lakini haoni, na kwamba Singano anaona lakini anarusha kama mtu anayefukuza kuku wa mkwewe. Walipomuuliza kwa nini haendi kuwaamua, alijibu kwamba vita si vyake. Yeye ni mtu wa amani. Akageuza hindi upande wa pili.

Jiwe la kwanza lililompita Singano lilitua kwenye kalibu za udongo ambazo Mahimbo humiminia sukari, likavunja zilizokuwa juu. Jingine lilitoboa bati la jikoni mkewe akiwa chini yake anapepeta unga. Mbuzi wa Kupaza nao, kwa kuogopa kelele, walikimbilia kwenye miwa wakakaa humo wakila kama wageni wa harusi. Ndipo Mahimbo akaacha kigoda akasema sasa usalama kwanza. Nyuma ya nyumba alikuwa na lundo la kuni, zile alizoletewa kabla ya ugomvi, za kupikia msimu mzima. Akazichukua zote. Akazisimika moja moja, nene na ndefu, akazifunga kwa maganda ya miti, akazungushia nyumba, kinu cha kukamulia miwa na karai lake, akaacha kilango kimoja tu, kwingine hata paka hapiti.

Ulikuwa ua mzuri, hilo hakuna wa kulikataa. Mahimbo aliuzunguka akiupigapiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema hata jeshi lije na ngoma zake halipiti. Mkewe, Mama Hoza, alimuuliza sukari ya mwaka huu itapikwa kwa kuni zipi. Mahimbo akacheka. Akamwambia kuni zitakuja, kwani ni lini hazikuja? Na kwa kuwa miwa ilikuwa imefika, akaikata yote, akairundika penye kinu.

Kuni hazikuja. Kupaza alikuwa nazo tele, zimekauka mpaka zinalia zikigongwa, lakini hakuthubutu kuzishusha kwenye uwanja wa adui yake. Singano alikuwa na njia, lakini alisema mzigo wa kuni ni mahali pazuri sana pa kuficha panga, na yeye hakuzaliwa jana. Mahimbo akavaa kanzu akaenda kwa Singano. Alipokelewa vizuri, akapewa chai, akaitwa kaka. Singano akamwambia njia ni yake hata sasa hivi. Aseme tu mbele ya watu kwamba ule mti ni wa Singano. Mahimbo akapanda kwa Kupaza. Huko nako akapewa chai, akaitwa kaka, akaambiwa kuni ni zake, abebe mpaka shingo ichoke. Aseme tu mbele ya watu kwamba ule mti ni wa Kupaza.

Aliporudi alitembea polepole, maana kichwa kilikuwa kizito. Akimpendeza Singano, atapata njia isiyo na mzigo. Akimpendeza Kupaza, atapata mzigo usio na njia. Na akikaa kimya, kama alivyokuwa amekaa, anayo miwa iliyokatwa, imelala juani, na kwa kuinusa tu alijua imeanza kugeuka. Ile ndiyo ilikuwa ada ya wanawe, mbegu ya mwaka ujao, na jina lake mlimani. Akaketi chini katikati ya ua wake imara akashika tama.

Mama Hoza alikuja akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, labda kwa sababu nyumba ile ilikuwa na wa kuyasema yote.

"Baba Hoza," akasema, "kuni unazo. Umezisimamisha."

Mahimbo alimtazama mkewe, akautazama ua. Alisema bila huo ua mawe yatawaua. Mkewe aliingiza muwa kwenye kinu akaanza kukamua. Maji yalipojaa karai, Mahimbo aliinuka akang'oa ukuni mmoja wa ua upande wa Kupaza. Kisha akaogopa Kupaza asije akadhani amedharauliwa, akang'oa mmoja upande wa Singano. Akaendelea hivyo, huku mmoja, huko mmoja, jasho likimtoka, mtu mzima anaiba ua wake mwenyewe. Moto ukashika. Kufika adhuhuri karai lilikuwa linacheka mapovu, na ua ulikuwa umebaki meno machache kama kinywa cha bibi. Kisha hayo machache nayo yakaingia motoni, na sukari ilikuwa bado haijashika. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Ikipoa hapo haigandi tena, inabaki uji wa kunata.

Lakini harufu ilikuwa imeshapanda. Ua ulipokuwapo, wake za wale ndugu walidhani Mahimbo amejifungia, hataki watu, wakamwachia. Sasa waliona moto wazi na karai wazi. Na mlimani kule kulikuwa na desturi: siku ya kupika, yeyote aje alambe sukari ya moto kwenye jani la mgomba, ila asije mikono mitupu, alete ukuni, hata mwembamba kama kidole. Mke wa Kupaza akajitwika mzigo akashuka na wanawe na wajukuu, kila mmoja na ukuni wake. Walipofika uwanjani kwa Singano, mke wa Singano hakuuliza kitu. Alijitwika mzigo wake, akatangulia. Singano alikuwa amekaa na kombeo lake mkononi. Angefanya nini, amrushie mawe mkewe? Aliwatazama wanawake wakipita na kuni kwenye njia aliyoifunga yeye, akaona haya, akajikuna shingo.

Moto ukafufuka. Haikupita muda Kupaza naye akashuka kumtafuta mkewe, na Singano akaja nyuma yake kuhakikisha hatembei na panga. Walimkuta Mahimbo anakoroga peke yake mikono imekufa, na sukari ikifikia unene ule inataka wanaume wawili wakabiliane, mmoja anavuta mwiko, mwingine anasukuma, na mwenye kuacha ameiunguza. Mahimbo hakuwa na nguvu ya kuchagua. Aliwanyooshea mwiko akaanguka kando. Basi neno la kwanza waliloambiana wale ndugu tangu mti uanguke lilikuwa vuta, na la pili lilikuwa navuta. Walikoroga hivyo mpaka sukari ikashika, ikapakuliwa kwenye kalibu zilizosalia, na kilichobaki karaini wakakilamba watu wote, mpaka vidole vikagandana.

Simwambii mtu kwamba ugomvi uliisha siku ile. Ule mti waliendelea kuubishania. Ila mawe yalikoma, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuvunja kalibu yenye sukari yake ndani, na kuni zikaanza kushuka tena, kidogo kidogo. Mahimbo alimaliza miwa yake yote. Mpaka leo ukimkuta atakueleza kwamba kuuchoma ua lilikuwa wazo lake, na Mama Hoza, akiwa jirani anapepeta unga, atamwacha aseme. Wanakaa vizuri. Nyumba yao haina ua, na jioni haikosi mtu.

Nanyi mnaosikiliza, mliosimika ua juzi mlipoona kwa jirani kunarushwa mawe: mmeujenga kwa kitu gani, na kesho mtapikia nini?