Mkeka wa Bi Mize na Zimwi Mla Njia

Paukwa!

Pakawa!

Miguu ina nini?

Ina vumbi!

Vumbi la wapi?

La mbali!

Haya, sogeeni. Kuna jambo limenishinda tangu utoto wangu. Mtu kupakumbuka kwao, hilo naelewa. Lakini yuko mtu anayepakumbuka mahali ambapo hajapakanyaga hata siku moja, akapatamani mpaka usingizi ukamruka. Kitu gani kinamwita? Nimewauliza wazee, nimewauliza wasafiri, nimejiuliza mwenyewe. Sijapata jibu. Basi nitawasimulia tu.

Hapo kale palikuwa na mji mdogo katikati ya majani marefu, na humo alikaa mwanamke aitwaye Mize. Tangu akiwa msichana, Mize alipenda njia. Mchuuzi wa chumvi akipita, Mize alimpa maji, kisha akamwuliza: "Umetoka wapi? Umepita wapi? Umeona nini?" Mfinyanzi akipita: "Umetoka wapi? Umepita wapi? Umeona nini?" Mrina asali naye vivyo hivyo.

Na yote aliyoambiwa aliyasuka. Wenzake walisuka mikeka ya maua. Yeye alisuka nchi. Njia aliisuka kwa ukindu mweusi, mto kwa ukindu mwekundu, kilima kwa ukindu wa manjano. Mahali ambapo hakupewa habari zake aliacha ukindu mweupe. Kisha alishona ukili kwa ukili, mkanda kwa mkanda, mwaka baada ya mwaka, mpaka nywele zikaingia mvi na mkeka ukaenea nyumba nzima.

Mumewe, Kombo, alikuwa mtu wa utani. "Mke wangu, jana nimelala kichwa kiko kilimani, miguu iko mtoni."

"Basi kaioge hiyo miguu, bwana, ukiwa huko huko."

Lakini Mize mwenyewe hakuwahi kutoka. Alipokuwa msichana alikatazwa. Alipokuwa na watoto hakupata nafasi. Na nafasi ilipopatikana, likaja Zimwi.

Zimwi hilo halikula watu. Lilikula njia. Mtu akitoka, nalo hutoka nyuma yake, likakunjua ulimi, likailamba njia yote, likaimeza. Majani yakajifunga. Mtu akigeuka, hana pa kurudi. Na watu walilisikia likitafuna na kuimba:

Nimekula ya kwanza, si yenyewe!

Nimekula ya pili, si yenyewe!

Nimekula ya tatu, si yenyewe!

Siku moja chumvi ikaisha mjini. Kombo akachukua gunia. "Naenda ziwa la chumvi. Siku ya sita nipikie."

Siku ya sita Mize akapika. Siku ya saba akapika. Siku ya kumi akaenda kutazama njia aliyoondokea mumewe. Hakuna njia, majani matupu.

Majirani wakaja. "Pole, shoga. Ndiyo basi tena."

"Basi nini?" Mize akaweka kidole juu ya mkeka. "Kombo yuko hapa, kati ya kilima hiki na ziwa hili. Nakwenda kumchukua."

"Utapita wapi na njia imeliwa?"

"Humu mkekani haijaliwa," akasema, akaukunja mkeka, akajitwika.

Basi akaenda. Alipofika kilimani akaukunjua, akatazama, akaukunja. Alipofika mtoni akaukunjua, akatazama, akaukunja. Alipofika bondeni akaukunjua, na ardhi ikatetemeka.

"Nasikia harufu ya njia! Njia nyingi!"

Zimwi likatokea. Tumbo kama ghala, mizizi ya majani imekwama menoni.

"Bibi we, nipe hicho nikile!"

"Hiki si chakula. Ni mkeka."

"Nipe, ama nakumeza nao!"

Mize akaushika mkeka kwa mikono miwili. Alitaka kupiga kelele, lakini mdomo una mazoea yake, na maneno yaliyotoka yakawa yale yale ya siku zote: "Umetoka wapi? Umepita wapi? Umeona nini?"

Zimwi likarudisha ulimi ndani. Tangu lizaliwe hakuna aliyeliuliza hivyo. Likakaa chini, likaanza kulia, kila chozi kibuyu kizima.

"Nilikuwa mdogo. Nikamfuata ndege, nikapotea. Sisi mazimwi twajua kwetu kwa ulimi. Udongo wa mlangoni kwa mama una ladha ya majivu na zambarau. Basi naonja kila njia. Nimekula ya kwanza, si yenyewe. Nimekula ya pili, si yenyewe..."

"Ngoja, mwanangu. Na ukiipata yenyewe?"

"Nitaijua!"

"Utakuwa umeshaimeza. Utapita wapi?"

Zimwi likalitazama tumbo lake. Miaka yote hiyo halikuwahi kulifikiri hilo. Kisha likalia zaidi, mpaka Mize akaliwekea mkono begani, maana hata mtoto wa zimwi ni mtoto.

"Kwenu kulikuwa na nini?"

"Miamba mitatu kama mafiga. Na maji ya moto yatoayo moshi."

Mize akautandaza mkeka wote. Mrina asali mmoja alimwambia zamani kwamba aliona moshi nyuma ya miamba mitatu, akaogopa kusogea. Ilikuwa pale, pembeni kabisa, karibu na ukindu mweupe.

"Kwenu ni hapa. Nitakuonyesha. Lakini kwanza zitapike njia za watu."

Zimwi likakohoa mara moja, likakohoa mara mbili, likakohoa mara ya tatu. Njia zikamwagika bondeni, zimelowa, zimefungana kama uzi uliochezewa na paka.

"Sasa ipi ni ya wapi?" Zimwi likauliza.

Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyejua. Mize akapiga magoti, jicho moja mkekani, jicho moja chini. Zimwi likashika ncha.

"Vuta! Legeza! Si huko, we mtoto, hiyo ni ya wafinyanzi!"

Walipoitandika njia ya ziwa la chumvi, haikupita muda akaonekana mtu anakuja, ndevu zimemwota, gunia begani.

"Kombo!"

"Nilikuwa nakuja, mke wangu. Njia ndiyo iliyochelewa."

Mize akampiga ngumi ya bega, akalia, akampangusa vumbi usoni kwa upande wa kanga.

Kisha akatoa sindano, akafumua mshono, akautoa ule ukili wenye miamba mitatu. Kazi ya nusu ya maisha yake. Akalikabidhi Zimwi.

"Fuata kwa kidole. Usiule."

"Siuli, mama."

Likaenda zake, kidole juu ya ukili, likijikwaa kwa kutotazama mbele.

Lakini ilibaki njia moja. Haikuwamo mkekani, na hakuna aliyewahi kuitaja. Mize na Kombo wakaikunja kama kamba, wakaibeba mpaka mjini, na mji ukakaa baraza.

"Ichomeni," akasema mmoja.

"Izikeni," akasema wa pili.

Mkubwa wa mji, Mzee Makame, akafikiri sana. "Njia hii ina watu upande wa pili. Huenda nao wamepotelewa na mtu wao, wanapika kila siku."

Basi ikaamuliwa: njia itandikwe mashariki ya mji, na mtu mmoja aifuate mpaka mwisho, arudi na habari. Vijana wakatazama vidole vya miguu yao. Kisha vichwa vyote vikageuka upande mmoja.

Bi Mize alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, na ukindu mpya kwapani.

"Nami nimerudi jana tu!" Kombo akaguna, akatafuta viatu.

Asubuhi, kabla umande haujakauka, wa kwanza kuikanyaga njia ile alikuwa Bi Mize. Wa pili, mumewe.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na walikofika wao mimi sikujui. Funzo lake ni hili: msimcheke anayependa asikokujua, iko siku mtamhitaji. Na mkikutana na mwenye njaa kali, kabla hamjakimbia, mwulizeni ametoka wapi.