Chumvi ya Kivulini

Kaeni vizuri, wapendwa. Mama kule nyuma, mpe mtoto anyonye tu, hatuna haraka. Leo sitapaza sauti. Nimewaletea mkulima mmoja, na mkulima huyu yuko taabani.

Alikuwa akilima mpunga kule mto unapoingia baharini. Zamani shamba lake lilikingwa na michu, ile miti inayoota kwenye tope la chumvi. Watu wakaikata kwa kuni na nguzo, na yeye shoka lake lilikuwamo, msidhani alikuwa malaika. Bahari ikaona njia. Kila bamvua, pale bahari inapojaa kuliko siku zote, maji yalipanda zaidi, na mpunga ukaanza kukauka ukingoni. Bamvua kubwa la mwaka lilikuwa linakaribia. Asipopanda michu mipya kabla ya hapo, shamba limekwenda, na yeye na mkewe hawana pengine pa kula.

Basi akatengeneza kitalu cha miche. Mche wa mchu lazima uzoeshwe chumvi ungali mdogo, la sivyo ukipelekwa topeni unakufa. Kwa hiyo akawa anainywesha miche yake maji ya bahari. Lakini roho ikamuuma. Akasema, "Chumvi peke yake ni mateso ya kutosha. Jua angalau niiondolee." Akaezeka makuti juu ya kitalu, mazito kama ya nyumba ya kulala. Miche ikaanza kuwa ya manjano. Akaongeza makuti.

Mnamcheka? Ngojeni kwanza nyumbani kwake.

Mtu huyu na mkewe walikuwa na binti mmoja, Habona. Mtoto aliteleza kwenye mfereji wa shamba wakati mama yake ameinama anapalilia. Alipoinuka, mtoto hayupo. Walimtoa majini amekwisha kufa. Na sisi watu mnatujua. Matanga hayajaanuliwa, mtu ameketi kwenye mkeka wa msiba, anakunywa chai ya msiba, anamnong'oneza mwenzake, "Kwani mama yake alikuwa wapi?"

Mkulima alilisikia neno lile, likamchoma. Akamwambia mkewe, "Usitoke. Kisimani nitakwenda mimi. Na usilie kwa sauti, hawa watapata la kusema." Akafunga dirisha linalotazama njia. Hata lile jina la Mama Habona, ambalo kijiji kizima kilimwita, akaliacha asije akamtonesha. Akawa anamwita "wewe". Wewe, chakula. Wewe, umelala? Je, alimchukia? Hapana, wapendwa. Alimpenda sana, ndiyo maana alimfungia.

Sasa bamvua limebakiza siku za kuhesabika, na miche inalala chini. Mkulima anahitaji mikono ya kumsaidia kuchambua mizima na mifu, na majirani amewafukuza wote. Ikabidi amchukue mkewe. Walikwenda alfajiri, watu wasimwone, naye amejifunika khanga mpaka machoni.

Mke akainama chini ya makuti. Akagusa mche, ukalala. Akagusa wa pili, nao ukalala.

"Yote imekufa?" akauliza.

"Imebaki ile ya pembeni tu. Pale mbuzi wa jirani alipovuta makuti. Nilimfukuza kwa fimbo, yule mbuzi."

Mke akaenda pembeni, pale jua lilipokuwa linaingia. Miche ya pale ilikuwa mifupi, majani yake magumu, lakini imesimama. Na juu ya kila jani kulikuwa na vumbi jeupe. Akachuma jani akaliramba.

"Hili lina chumvi. Hii uliinywesha maji gani?"

"Yale yale. Ndoo ni moja."

Akarudi kivulini, akachuma jani la manjano, nalo akaliramba mbele na nyuma.

"Hili halina kitu," akasema. "Chumvi imebaki ndani."

Ndivyo ulivyo mchu, wapendwa. Haukatai chumvi. Huinywa, kisha huitoa kwenye jani, kama mtu anavyotokwa na jasho. Lakini kazi ile inataka nguvu, na nguvu yake ni mwanga. Ukiunyima mwanga, chumvi huingia na haitoki.

Mume akasema, "Niliifunika kwa huruma."

"Najua. Hata mimi umenifunika kwa huruma." Akaivua ile khanga usoni. "Baba Habona, nakauka."

Jina lile lilikuwa halijatamkwa mbele yake tangu mazishi. Yule bwana akasimama kama aliyepigwa. Halafu akashika makuti kwa mikono miwili, akaanza kuyang'oa na kuyatupa, huku analia bila aibu. Jua likapanda. Akamshika mkewe mkono, wakarudi kwa njia kuu, mchana kweupe, naye anaita kila nyumba wanayopita, "Njooni! Mama Habona analia, njooni!"

Bamvua lilikuja. Ile miche ya pembeni ilisimama, lakini ilikuwa michache, na sehemu ya shamba ilikwenda. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi.

Sasa niwaulize. Mlipokuwa mnamsikiliza mkulima huyu, mlikuwa mnasema moyoni, mjinga, amefunika miche. Haya. Makuti yale aliyapata wapi? Nani alimpelekea kuti la kwanza? Ni yule aliyeketi kwenye mkeka na kikombe chake cha chai. Ni sisi! Sisi tuliouliza, "Mama yake alikuwa wapi?" Sisi tunaosema, "Huyu kijana wao alijinyonga kwa nini?" na "Yule binti amerudi kwao, kulikoni?" Chumvi Mungu anaijua kipimo chake. Giza tumelileta sisi, halafu tunashangaa kwa nini watu wetu wanakauka.

Na msinitazame hivyo. Kwenye njia hii mliyopita kuja kanisani kuna dirisha limefungwa tangu msiba. Mnalijua. Mmelipita asubuhi hii mkiimba.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha, msije mlangoni kunipa mkono na kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Nendeni mkabishe hodi pale. Na mkifunguliwa, msimwulize alikuwa wapi. Mwiteni kwa jina la mtoto wake. Kisha kaeni naye, mwacheni alie.