Kwa Nini Twajibu "Njema" Kwanza

Mmeniuliza, wajukuu zangu, imekuwaje mama Sekiete, ambaye nyumba yake imeezuliwa na upepo jana, leo nilipomuuliza habari akajibu "njema" kwanza, kisha ndipo akasema, "ila paa limeondoka." Mkacheka, mkadhani mama wa watu kachanganyikiwa. Basi nitawaeleza. Nyinyi endeleeni kupukuchua mahindi, maana masikio hayapukuchui.

Kulikuwa na wakati ambapo watu wa milima hii walisalimiana kwa shida tupu. Ukiulizwa habari, unataja mgongo unaouma, panya waliomaliza ghala, mkwe asiyeambilika. Tena walikuwa na sababu yao. Maji ya kijito chetu ni haba, kwa hiyo yalikusanywa usiku kucha katika bwawa la udongo tunaloliita ndiva, na asubuhi lango likafunguliwa ili yateremke kwa mfereji hadi mashambani. Na sheria ilisema kwamba mwenye shida kubwa kuliko wote ndiye atakayemwagilia kwanza.

Ukiisikia, ni sheria ya huruma. Lakini ngoja uone ilivyozaa. Kila asubuhi watu walisimama ndivani wakishindana kulia. Huyu akisema mtoto wake anakohoa, yule wake anakohoa damu. Mtu aliyeamka mzima alijikuna mpaka apate kidonda. Na mzee Mbonea, mlinzi wa lango, alipomaliza kupima machozi ya kila mmoja, jua lilikuwa utosini, ardhi ina kiu, na maji yakanywewa na mfereji kabla ya kufika mbali. Wakarudi nyumbani wazito, wakiwa wamekwisha kuziamini shida walizozitunga.

Shamba la mwisho kabisa, kule mfereji unakoishia, lilikuwa la mjane aliyeitwa Nakijwa. Maji hayakuwahi kumfikia hata siku moja. Mwaka huo alikuwa amepanda kibaba chake cha mwisho cha maharage. Yakikauka, ingembidi awachukue wanawe akaishi kwa kaka yake, ale kwa kusimangwa. Na kama hiyo haitoshi, mbuzi wake mmoja wa maziwa akafa.

Asubuhi iliyofuata watu walimtazama kwa wivu. Ndiyo, kwa wivu! Nani angemshinda leo? Mzee Mbonea akaanza naye.

"Habari za kwako, mwanangu?"

"Njema, baba."

Mzee alidhani masikio yamemchezea. "Njema? Mbuzi wako si amekufa?"

"Amekufa, baba, na usiku nimelia. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maharage yangu yameota."

Wajukuu zangu, hebu fikirini. Yameota wapi, katika vumbi lile? Kwa maji gani? Watu walisahau shida walizokuwa wamezipanga ulimini. Mmoja akasema ni mwongo, mwingine akasema ni uchawi, wa tatu akasema twende tukaone, na wote wakaanza kuteremka kandokando ya mfereji kabla jua halijatoka vizuri. Mzee Mbonea alibaki peke yake na lango lake, hana machozi ya kupima. Akalifungua, akawafuata.

Maji nayo yakateremka asubuhi ile, ardhi ingali baridi. Waliokuwa mbele waliona mahali mfereji ulipozibwa na majani, wakayaondoa kwa miguu, kwa sababu tu walikuwa wanapita. Walipofika kwa Nakijwa walikuta miche michache, myembamba, iliyochipua kwa umande, imeinamisha shingo. Hiyo ndiyo njema yenyewe. Walipokuwa wameinama wakiitazama, maji yakafika yakawalowesha nyayo. Nakijwa akakaa chini mferejini na nguo zake, akacheka huku analia.

Je, alijua kwamba wangemfuata? Nimejiuliza hilo tangu nikiwa na umri wenu, na bibi yangu alikataa kunijibu. Mimi naona hakujua. Naona aliamka na vitu viwili, mbuzi aliyekufa na maharage yaliyoota, akachagua kipi kitangulie kutoka mlangoni.

Na tangu siku hiyo lango hufunguliwa alfajiri bila kupima machozi ya mtu, wa juu humwagilia kisha akampisha wa chini, na ukimuuliza mtu wa kwetu habari atakwambia "njema" kwanza, hata kama ametoka kuzika. Msimwache hapo mkaenda zenu. Subirini ile "ila" yake, kwa sababu shida haikufichwa, imepangwa nyuma tu. Haya, mahindi yanatosha. Twendeni kwa mama Sekiete tukaezeke.